Mwenye nyumba kakubali bei, kisha mwingine kapanda dau: jinsi ya kuifunga nyumba mapema

Mzee alinipa mkono mbele ya kibaraza chake cha saruji nyekundu, Tabata Segerea, Jumamosi saa kumi na nusu jioni. Tulikuwa tumefika milioni 78. "Nyumba ni yako, mwanangu. Hayo mengine ni makaratasi tu," akasema, na mkewe akatuletea soda. Mume wangu alikuwa ameshaanza kupima kwa hatua uwanja wa nyuma, pale tulipotaka kujenga jiko la nje. Mimi nilisimama chini ya mwembe nikihesabu madirisha ya kushonea mapazia. Alhamisi asubuhi dalali akapiga simu: "Dada, samahani sana. Mzee kapata mtu wa milioni 84, na jana ameshalipa."

Siku zile nne zote tulikuwa tunahangaika na benki, maana fedha zetu zilikuwa kwenye amana ya muda maalumu na kuivunja kulikuwa na taratibu zake. Hatukuwa tumeandikishiana chochote, hata kwenye karatasi ya daftari. Nililia kwa nyumba ambayo sikuwahi kulala ndani yake usiku mmoja, na sioni aibu kulisema, kwa sababu anayetafuta nyumba miaka miwili akaipata huwa ameshahamia kwa moyo kabla ya kuhamisha vitanda.

Tangu hapo nimewasindikiza ndugu na marafiki kadhaa kununua nyumba, na kila mara nafanya mambo kwa mpangilio huu. Nauandika kwa Tanzania Bara, ninakokujua. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na Kenya nitaigusa kidogo mbele.

Kwanza, jua neno "nimekubali" lina uzito gani

Tumekuzwa na "ahadi ni deni". Kwenye ardhi, deni hilo halidaiki bila maandishi. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 64, inasema mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki ardhi unaweza kusimamiwa mahakamani endapo tu umeandikwa, au kuna andiko linaloonyesha masharti yake, na limesainiwa na yule anayedaiwa. Yaani saini inayokulinda wewe mnunuzi ni ya muuzaji. Mkono, soda, na "mwanangu" havimo.

Angalia vizuri maneno ya kifungu hicho, kwa sababu ndani yake kuna nafasi yako. Hakidai lazima uwe na mkataba wa kurasa kumi siku ya kwanza. Andiko la ukurasa mmoja lenye masharti ya msingi na saini ya mwenye nyumba tayari ni kitu cha kusimama nacho. Yule mzee hakuvunja sheria yoyote aliponiacha. Mimi ndiye niliyeondoka kwake bila karatasi.

Jambo dogo la lugha, kwa sababu limewachanganya wengi: muuzaji akikwambia "nyumba ina ofa", anazungumzia barua ya toleo, ile inayotolewa na mamlaka ya ardhi kabla ya hati miliki. Haina uhusiano na bei uliyomtajia.

Hatua ya 1: Fedha ziwe tayari kabla hujataja bei

Nyumba nyingi zinapotea kati ya kukubaliana na kulipa, na mara nyingi muda huo unarefushwa na mnunuzi mwenyewe. Kama fedha ziko kwenye amana, hati fungani, au kwa ndugu aliyekukopa, zirudishe kwenye akaunti ya kawaida kabla ya kwenda kuona nyumba ya tatu. Uliza tawi lako kiasi cha juu unachoweza kutoa au kuhamisha kwa siku, na wanahitaji nyaraka gani. Kwa fedha nyingi, uhamisho wa benki kwenda benki kupitia TISS, mfumo wa malipo kati ya benki za Tanzania, kwa kawaida hufika siku hiyo hiyo ukiwahi saa za kazi.

Ukitegemea mkopo wa nyumba, pata kwanza barua ya benki inayoonyesha kiwango watakachokukopesha. Benki itataka tathmini na ukaguzi wa hati, na hayo huchukua wiki. Mweleze muuzaji ukweli huo mapema. Akijua kwamba utalipa baada ya wiki sita na akasaini hivyo, amefungwa. Akigundua mwenyewe wiki ya pili kwamba unasubiri benki, atafungua mlango kwa mwingine.

Weka pia dari yako. Andika kiwango ambacho hutakivuka hata nyumba iwe nzuri namna gani, mwonyeshe mwenza wako, mkubaliane. Utalihitaji jambo hili kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 2: Jua nani hasa anatakiwa kusaini

Mara nyingi "amepatikana mtu mwingine" maana yake ni "amejitokeza mwenye nyumba mwingine". Mke hakuambiwa, au kaka wa marehemu amerudi kutoka Mwanza na mteja wake.

Kama nyumba ina hati, omba upekuzi rasmi kwenye ofisi ya Msajili wa Hati. Upekuzi unakuonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio, yaani tahadhari iliyoandikwa na mtu mwingine anayedai haki kwenye nyumba hiyo. Chukua nakala ya hati na kitambulisho cha taifa (NIDA) cha muuzaji, ulinganishe majina herufi kwa herufi.

Kama haina hati, basi daftari lako ni watu: majirani wa pande zote, mjumbe, na ofisi ya serikali ya mtaa. Dai kuona mikataba ya mauziano ya nyuma, ya huyu aliyeuziwa na yule aliyemuuzia, hadi mnyororo ufike pa kueleweka. Nenda asubuhi, siku ya kazi, bila dalali. Jirani husema mengi zaidi dalali akiwa hayupo.

Nyumba ya ndoa ina sharti lake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo mwenza asaini, akiwa amekaa pale mezani, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Na kama ni nyumba ya urithi, anayeuza ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama. Hata hivyo, mimi hudai warithi wote watu wazima waje wasaini kuridhia. Ni usumbufu, lakini mrithi aliyesaini hawezi kuja wiki ijayo na mnunuzi wake.

Hatua ya 3: Andikishianeni siku ile ile mnayopeana mkono

Hapa ndipo penye uzito wote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukienda kwenye mazungumzo ya bei, beba karatasi ya makubaliano ya awali iliyochapwa tayari, nakala tatu, ikiwa na nafasi za kujaza bei na tarehe. Beba kalamu mbili na kidau cha wino wa dole gumba. Mkishafika bei, sema kwa heshima: "Mzee, nashukuru. Tuandikishiane kidogo ili wote tulale vizuri." Maneno hayo hayajawahi kumuudhi muuzaji wa kweli niliyemwona. Anayekataa kusaini ukurasa mmoja wakati amekwisha kukubali bei anakuambia kitu muhimu, na ni heri ukisikie leo.

Karatasi yenyewe tunaiandika hivi (arbuni ni fedha ya kutanguliza ili nyumba ishikiliwe kwa ajili yako):

*"Mimi (jina kamili, namba ya NIDA), mmiliki wa nyumba iliyopo (mtaa, kata, wilaya, namba ya kiwanja na hati kama ipo), nimekubali kumuuzia (jina, NIDA) nyumba hiyo kwa bei ya shilingi (kwa tarakimu na kwa maneno). Leo nimepokea arbuni ya shilingi (…), ambayo ni sehemu ya bei. Kuanzia leo hadi tarehe (…) sitaiuza, sitaiweka rehani, wala kupokea fedha kwa mtu mwingine kwa ajili ya nyumba hii. Nikikiuka, nitarudisha arbuni yote ndani ya siku saba pamoja na fidia ya shilingi (…). Mnunuzi akishindwa kukamilisha bila sababu hadi tarehe hiyo, arbuni itakuwa (…). Makubaliano haya yatavunjika na arbuni kurudishwa yote endapo upekuzi utaonyesha nyumba ina mgogoro, rehani, au mmiliki mwingine."*

Chini yake: saini na dole gumba la muuzaji, saini ya mwenza wake kuridhia, saini ya mnunuzi, shahidi mmoja kila upande mwenye namba ya simu, tarehe na saa. Saini ya dalali iwe ya shahidi wa ziada tu; asihesabiwe kuwa shahidi wako, kwa kuwa yeye hulipwa kwa asilimia ya bei, na bei ikipanda naye anapanda.

Fidia usiandike ya kutisha. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaruhusu kutaja kiwango, lakini mahakama hutoa kinachostahili kisichozidi kiwango hicho. Ukiandika milioni 50 kwenye arbuni ya milioni 3 utakuwa umemtisha mzee wa watu bila faida. Tumezoea kuandika kiasi sawa na arbuni, ili akivunja arudishe mara mbili. Fikiria kwa hesabu yangu: kama ningeacha milioni 8 na kuandika fidia ya milioni 8, yule wa milioni 84 angempa mzee nyongeza ya milioni 6, na mzee angepoteza milioni 2 kwa kuniacha.

Hatua ya 4: Arbuni, kiasi na njia ya kuitoa

Hakuna sheria inayotaja kiwango. Asilimia 10 imezoeleka, na wengine huridhika na pungufu ya hapo kama siku ni chache. Ukitaka kujua nguvu ya fedha za papo hapo, tazama minada ya nyumba za rehani: nyundo ikigonga, mshindi hulipa asilimia 25 pale pale na salio ndani ya siku chache. Waendesha mnada wanajua bei isiyo na fedha nyuma yake inayumba.

Toa arbuni kwa uhamisho wa benki kwenda kwenye akaunti yenye jina la mwenye nyumba, na kwenye maelezo ya muamala uandike "arbuni ya nyumba" pamoja na mtaa. Kama amesisitiza simu, jina linalotokea kabla ya kuthibitisha liwe lake. Kamwe usimpe dalali "akufikishie". Kama bado upekuzi haujarudi, njia salama zaidi ni kuweka arbuni kwenye akaunti ya wateja ya wakili, na karatasi iseme itatoka lini.

Hatua ya 5: Funga mkataba kamili ndani ya siku saba

Makubaliano ya awali ni kamba tu ya kumfungia ng'ombe. Banda ni mkataba wa mauziano ulioandaliwa na wakili. Mtafute wako mwenyewe; ukipewa jina la wakili na dalali, hakikisha kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kwamba ana leseni hai ya mwaka huu. Kwenye mkataba itajwe nani analipa nini. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya kuuza, ni ya muuzaji, ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwa kawaida hulipwa na mnunuzi, na ada za tathmini mkubaliane. Nimeona biashara nzuri ikifa mwezi wa pili kwa sababu muuzaji alidhani bei aliyotaja ni ya mkononi bila kodi, akaanza kusikiliza wengine. Mkataba usiolipiwa stempu hukataliwa kama ushahidi hadi ulipiwe, kwa hiyo lipa mapema.

Kama nyumba ina hati, muulize wakili kuhusu kuweka zuio kwa Msajili chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334. Zuio linaandikwa kwenye daftari, na yeyote atakayekuja kufanya upekuzi atalikuta. Watu wengi hulikumbuka wakishaibiwa, ilhali kazi yake kubwa ni kabla. Anayetaka kupanda dau, akikuta zuio, kwa kawaida hutafuta nyumba nyingine.

Kwa nyumba isiyo na hati hakuna daftari la kuweka zuio. Hapo tunafanya hivi: tunashika nakala halisi za mikataba ya nyuma kwa maandishi, tunapeleka nakala ya makubaliano serikali ya mtaa igongwe mhuri wa kupokelewa, na tunawajulisha majirani wawili watatu kwamba nyumba imeuzwa kwetu. Ofisi ikidai asilimia ya bei, omba kuonyeshwa sheria ndogo inayoiruhusu, na chochote utakachotoa upewe risiti.

Kwa wasomaji wa Kenya, mantiki ni ile ile ila makali zaidi: Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3(3), inadai mkataba wa ardhi uandikwe, usainiwe na pande zote, na kila saini ishuhudiwe. Barua ya kukubali bei iliyoandikwa kwamba inategemea mkataba kamili haikufungii nyumba. Na kwa ndugu walioko Uingereza: England na Wales, muuzaji kukubali bei hakumfungi hadi mikataba ibadilishwe kati ya mawakili, na katikati hapo yeyote anaweza kupanda dau. Wao wana hata neno lake, gazumping. Kuombwa kusubiri wiki nane kule ni kawaida, kwa hiyo mwombe muuzaji aitoe nyumba sokoni na akupe mkataba mfupi wa kutozungumza na wengine kwa muda maalumu.

Hatua ya 6: Simu ikija kwamba mtu kapanda dau

Usijibu bei kwenye simu. Mwambie dalali unakwenda kwa mwenye nyumba, kisha nenda siku hiyo hiyo, ana kwa ana, na mwenza wako.

Ukiwa na karatasi iliyosainiwa, iweke mezani kwa upole na umsomee tarehe ya mwisho na fidia. Mara nyingi inatosha, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amesahau alichosaini au alidanganywa na dalali kwamba "haina nguvu".

Kama huna karatasi, usianze kwa kulaumu. Muulize anahitaji nini hasa. Kuna anayeuza kwa sababu ya ada ya hospitali na anataka fedha zote Ijumaa. Mwingine hana pa kwenda, akipewa miezi miwili ya kukaa bure baada ya kuuza, nyongeza ya milioni 3 ya yule mwingine haimvutii. Huyo aliyepanda dau yawezekana yupo, na yawezekana ni wa kubuni ili upande. Njia ya kumjua ni kusema: "Nipo tayari kulipa leo kwa bei tuliyokubaliana, wakili yupo, akaunti yako naijua." Mnunuzi wa kubuni hana jibu kwa malipo ya leo.

Ukiamua kuongeza, ongeza mara moja, mpaka dari yako na si zaidi, na kwa sharti kwamba mnasaini hapo hapo. Ukiongeza bila saini umemfundisha kwamba ukisukumwa unasogea.

Hatua ya 7: Ikiwa imeshauzwa

Kama hukuwa na maandishi wala hukulipa, huna kesi ya nyumba. Nakuambia hivi ili usitumie laki tano ya wakili kulisikia neno hilo hilo. Chukua namba ya mwenye nyumba, muage vizuri, umwombe akupigie biashara ile ikivunjika. Huvunjika mara nyingi kuliko tunavyodhani, kwa sababu aliyepanda dau kwa pupa hujikuta hana salio.

Kama ulilipa arbuni bila karatasi, una madai ya fedha zako. Kusanya taarifa ya benki, jumbe za simu na WhatsApp, na majina ya waliokuwepo. Jumbe zinasaidia kueleza kilichotokea, ila usizitegemee kuchukua nafasi ya saini. Mwandikie muuzaji barua ya madai yenye siku 14 na uichukulie sahihi ya kupokelewa.

Kama ulikuwa na makubaliano yaliyosainiwa, mwone wakili siku hiyo hiyo. Nyumba yenye hati ambayo jina halijabadilishwa bado inaweza kuwekewa zuio, na mahakama inaweza kuamuru mkataba wako utekelezwe au ulipwe fidia. Jina likishahamia kwa mnunuzi mwingine asiyejua habari zako, kuirudisha ni kazi ngumu, na mara nyingi unabaki na fidia. Mgogoro unaogusa umiliki hupitia kwanza Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu na halihukumu. Wasiposuluhisha ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na ikiwa muuzaji alichukua fedha za watu wawili kwa nyumba moja akijua, hilo ni la polisi pia: kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai.

Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, lakini usingoje hata wiki 6. Mashahidi huhama na simu hupotea.

Sisi tulinunua baada ya miezi mitano, Kinyerezi, nyumba isiyo na mwembe. Siku ya bei nilitoa karatasi mkobani kabla soda haijafika, na mama mwenye nyumba akaisoma yote kwa sauti, mstari kwa mstari, kidole juu ya maneno. Alipofika kwenye fidia akasimama, akanitazama, kisha akamwita mumewe kutoka ndani. "Baba Neema, njoo usaini. Huyu amekuja kununua."